Dada Polepole na Dereva Aliyekanyaga Breki Kitandani

Saa mbili asubuhi, dereva wa lori amelala kifudifudi kwenye kitanda chembamba, uso umezama kwenye tundu la kitanda la kuwekea uso, na bado ana haraka.

"Nyonga tu hiyo shingo, dada, nina kazi," anaiambia sakafu.

"Anayenyongwa ni kuku. Wewe tulia."

Anayemjibu ni mama wa watoto wawili, mtaalamu wa uti wa mgongo ambaye wateja wamempachika jina la Dada Polepole. Ameweka kiganja katikati ya mabega ya dereva, basi. Hasukumi, hakandi. Mke wa dereva, aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango, ananitupia jicho mimi mwandishi niliyekuja kutazama: huyu naye amesinzia?

Hajasinzia, anasikiliza pumzi. Kwake ni mwiko kugusa shingo ya mtu kabla pumzi yake haijafika tumboni.

Na shingo hii ina kesi. Kesho dereva atapimwa kazini. Wiki kadhaa sasa hawezi kugeuka kulia, na asiyeweza kutazama nyuma harudishi lori nyuma. Akishindwa, atakabidhi funguo alizozishika tangu ujana wake. Hospitali wamempiga picha, mifupa haina tatizo. Daktari ndiye aliyemwelekeza hapa.

"Bosi akikufokea, mtoto akiugua, neva zinaupa mwili habari moja: jikaze!" Dada Polepole ananieleza. "Misuli inatii. Balaa ni pale amri ya kulegea isipokuja."

Alianza kuyaona hayo nyumbani. Mama yake alikuwa dobi, na jioni alimwomba binti ampandie mgongoni amkanyagekanyage.

"Mama akicheka, mgongo unalainika. Akiwa na donge moyoni, ni ubao mtupu. Nilistaajabu nikiwa mdogo, nikaenda kusomea nijue kwa nini."

Amesoma, na kazi hii ana miaka kumi na moja nayo. Lakini hajifanyi mwenye miujiza: anayekuja na ganzi au homa humrudisha hospitali bila mjadala.

Mara anaondoa kiganja, anahamia miguuni. "Baba, unakanyaga nini?"

"Mimi? Sikanyagi kitu."

Natazama. Jamani! Wayo wa kushoto umelala kama mtu aliyeshiba. Wa kulia umekakamaa, vidole vinasukuma ukingo wa kitanda mpaka paja linatetemeka.

Mkewe anaruka kutoka kwenye stuli. "Breki! Anakanyaga breki! Hata usingizini, tangu siku mtoto mmoja alipokimbilia mpira mbele ya lori lake."

Mtoto huyo hakuguswa. Lori lilisimama shubiri chache tu kutoka alipokuwa, na dereva hakupenda kuyazungumza tena.

"Alinitazama," dereva anasema sasa. "Akaokota mpira wake, akaenda zake. Mimi ndiye bado niko pale."

Dada Polepole anaushika ule wayo kwa mikono miwili. "Lori limesimama, baba. Mtoto amefika kwao. Toa mguu."

Mtu mzima analia bila kuficha. Kisha wayo unalegea, na mabega yanashuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Nimeandika habari za watu miaka mingi, lakini hapa nywele zinanisimama. Mwili wa binadamu, loo!

Sasa ndipo anaigusa shingo. Ni kazi fupi: msukumo mdogo, mlio mdogo.

Dereva anaketi. Anageuza kichwa kulia, taratibu kwa woga, mpaka macho yanakutana na ya mkewe.

"Kumbe umesuka upya?"

"Wiki ya pili hii, bwana wewe!" anajibu mke, akicheka huku akifuta machozi.

Dada Polepole ana ndoto moja: kuwafuata madereva kazini kwao. "Wananijia shingo zikiwa zimeshakuwa mbao. Nikiwawahi, nitawaponya mapema."

Kesho yake mchana simu ya Dada Polepole inaita. Ni dereva, na nyuma yake lori linanguruma.

"Nimelirudisha mpaka ndani ya geti, dada! Sasa sikia, hapa yadi kuna chumba kitupu, nimeshamwomba msimamizi, amekubali. Lete kitanda chako. Wenzangu wengi bado wamekanyaga breki."