Alichosema Superi-Shapo

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake. Ilichelewa kuwaka, na kabla picha haijatokea, vumbi lililolala ndani lilianza kupata joto na kunuka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Tulipoisikia harufu hiyo tulijua kwamba umeme umerudi, kwamba ni Jumapili saa kumi alasiri, na kwamba muda si mrefu Superi-Shapo atapaa na kuanguka. Tuliishi mtaa wa Kadutu, katika nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaona mabati ya jirani wa chini na, mbali kidogo, kipande cha ziwa. Msimu ule mvua ilinyesha karibu kila siku. Picha ilijaa chenga, na jina halisi la tamthilia sikuwahi kulisoma, kwa kuwa herufi za mwanzo zilipita kama zimeandikwa kwenye unga. Sisi watoto wa mteremko tulimwita Superi-Shapo kwa sababu ya kofia yake, ambayo kwa Kifaransa ni chapeau, na hilo lilitutosha.

Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu, mpeleka barua wa mji fulani wa Ulaya. Kila alipovaa kofia moja ya bati, ya kijani, alipata nguvu za kuruka na kunyanyua magari. Kofia ikimtoka kichwani, nguvu zilikatika papo hapo naye akadondoka popote alipo: kisimani, kwenye meza ya harusi, mara moja ndani ya lori lililobeba nguruwe. Na kofia ilimtoka katika kila kipindi. Zamani watoto wa jirani walikuwa wakijazana sebuleni kwetu na kucheka mpaka wanashikana mabega, nami nilicheka pamoja nao. Katika msimu ninaousimulia nilikuwa nikitazama tu.

Mama alikufa mwanzoni mwa mwaka wa shule, mimi nikiwa na miaka minane na dada yangu Furaha kumi na mmoja. Alikwenda hospitali siku ya Jumanne kwa miguu yake, akiwa na kikwembe cha kujifunga cha kubadilisha kwapani. Ijumaa papa, ndivyo tulivyomwita baba, alirudi nyumbani na kikwembe hicho mkononi. Ugonjwa wenyewe uliitwaje sikumbuki, na baadaye sikuuliza. Nakumbuka viti vya kuazima, watu wengi, na kwamba mimi na Furaha tulinyolewa nywele zote, kama ilivyokuwa desturi katika ukoo wetu mtoto anapofiwa na mzazi. Kichwa kilipigwa baridi. Sikulia. Nilingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya. Hakikuja, nikaendelea na mengine. Papa naye sikumwona akilia. Alikuwa mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari, na baada ya wiki mbili alirudi kazini. Akiwa nyumbani alikaa kwenye meza iliyokuwa nyuma ya viti vyetu, akisahihisha madaftari ya wanafunzi. Hakuwa mkali. Alituuliza kama tumekula, alituambia tufunge dirisha, na zaidi ya hayo hakusema. Sisi nasi tukajifunza kutosema. Watoto wa jirani waliacha kuja, kwa sababu wazazi wao waliwaambia kwamba nyumba yenye msiba si ya kuchezea.

Aliyekuja kukaa nasi ni Koko, mama yake papa, kutoka Walungu. Alikuwa amelima maisha yake yote, na vidole vyake vilikuwa vimejikunja visinyooke tena; mwiko aliweza kuushika, lakini sindano ilimshinda. Alizungumza Mashi, lugha ya kwao, na Kiswahili. Kifaransa hakukijua hata kidogo, na televisheni ilisema Kifaransa tu. Jumapili yake ya kwanza alimtazama Superi-Shapo akining'inia kwenye mnara wa kanisa, akauliza yule baba anasema nini. Furaha, aliyekuwa darasa la tano, alimjibu bila kusita. Tangu siku hiyo kutafsiri kukawa kazi yake.

Alitafsiri kwa sauti ya chini, haraka, bila kuondoa macho kwenye kioo. Kwa maneno yake nilijua kwamba Superi-Shapo ametoka kijiji cha milimani, kwamba hapendi sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na mawese, kwamba yule mwanamke mwenye miwani anayemfungulia mlango kila jioni ni bibi yake, kwa maana ya mke, kama tunavyosema kwetu, na kwamba wana watoto wawili ambao hatuwaoni kwa sababu wako shuleni. Koko alizipenda sana habari za watoto. Aliuliza majina yao, akapewa. Wiki iliyofuata aliuliza kama yule mdogo amepona kikohozi. Furaha akatega sikio kidogo, kana kwamba anamsubiri mtu wa kwenye kioo amalize, kisha akasema amepona. Mimi niliamini kila neno. Nilikuwa darasa la tatu, ndiyo kwanza tunaanza Kifaransa, na kitabuni tulikuwa tumefika ukurasa wa nguo: shati, kiatu, kofia.

Wakati huo nywele zetu zilikuwa zinaota. Mama ndiye aliyekuwa akitusuka, Jumamosi asubuhi kwenye barza mbele ya nyumba, kichwa changu kikiwa kimebanwa kati ya magoti yake, na mikono yake ikinuka mafuta ya nywele na kitunguu. Baada ya miezi minne zilikuwa zimefikia urefu wa kusukwa, na mwalimu wangu aliniambia mara mbili nije na kichwa kilichotengenezwa. Koko alijaribu siku moja, vidole vikakataa, akarudisha kitana mezani na kwenda kuchambua maharage. Furaha alinisuka mafundo yaliyofumuka kabla ya mapumziko ya saa nne. Yeye mwenyewe alijifunga kitambaa. Maman mmoja wa nyumba ya chini alikuja kujitolea kutusuka. Papa alimshukuru mlangoni, akasema tutaona, akafunga mlango. Kila asubuhi alitutazama tukichukua mikoba yetu, halafu akageuza uso upande wa dirisha. Nilidhani kuna kitu nje.

Jumapili moja yule mwanamke mwenye miwani hakuonekana. Labda mwigizaji aliugua, sijui. Superi-Shapo alijifungulia mlango mwenyewe na kujipikia yai. Koko aliuliza bibi yake yuko wapi, na Furaha akasema amesafiri kwenda Uvira. Haikumshangaza Koko kwamba mwanamke wa Ulaya ana safari ya Uvira. Jumapili iliyofuata mwanamke yule hakuwepo tena, na Koko akauliza atarudi lini. Furaha alitega sikio kwenye kioo.

"Anasema harudi tena," akasema.

Nyuma yetu kalamu ya papa ilisimama. Niligeuka kumtazama, alikuwa ameinamia daftari, uso haukuwa na lolote. Kisha kalamu ikaendelea. Koko hakuuliza tena siku hiyo, na Superi-Shapo akatumbukia katika pipa la samaki bila mtafsiri.

Wiki iliyofuata Furaha alishikwa na malaria. Ilipofika Jumapili homa ilikuwa imeshuka lakini hakuweza kukaa. Alilala chumbani, mlango ukiwa wazi. Umeme ulikuwepo. Koko alikaa kwenye kiti chake, mimi mkekani, papa mezani na madaftari. Superi-Shapo alitokea mbele ya duka la mikate lililokuwa linaungua. Watu walikuwa wakimpigia kelele, mwokaji alikuwa dirishani juu akipunga kitambaa, na yeye alisimama katikati ya barabara akijipapasa kichwa. Akageuka kwenye kamera akasema maneno yake ya kila wiki: Où est mon chapeau? Kofia yangu iko wapi? Niliyaelewa. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kifaransa niliyoielewa maishani nje ya darasa, na nilitaka kumwambia mtu.

Koko aliuliza anasema nini. Kutoka chumbani Furaha hakujibu, alikuwa amesinzia. Nilifungua mdomo kusema neno kofia. Papa akanitangulia.

"Anasema tangu bibi yake aende, hajui kusuka batoto nywele," alisema. "Anasema kila asubuhi anaona zile nywele, anaangalia pembeni."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile aliyotumia kutuambia tufunge dirisha. Nilimtazama. Alikuwa ameshika kalamu na hakuwa akinitazama mimi wala Koko. Alikuwa akitazama kioo, ambako mtu mnene alikuwa bado anajipapasa kichwa. Nilijua kwamba sivyo alivyosema Superi-Shapo. Nilijua pia kwamba papa anafundisha kwa Kifaransa kila siku ya kazi, kwamba hakuna neno la tamthilia ile lililowahi kumpita, na kwamba kwa hiyo miezi yote ile alikuwa amesikia Furaha akisema uongo na hakumsahihisha hata mara moja, yeye ambaye kazi yake ilikuwa kusahihisha. Nilijua yote hayo kwa pamoja na sikuhisi kitu, isipokuwa mikono yangu ilikuwa baridi nikaikalia.

Koko hakugeuka. Alijibu akielekea kwenye televisheni, kama alivyozoea kumsemesha yule mtu.

"Umuambie aulize batoto yake. Beko banajua."

"Nitamuambia," papa akasema.

Superi-Shapo aligundua kwamba mwanzoni mwa kipindi alikuwa ameikalia kofia yake na imebonyea. Akaivaa hivyo hivyo. Hayo hakuna aliyeyatafsiri.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, papa alitoka kwenye barza na kitana na chupa ya mafuta, akakaa kwenye kigoda cha mama. Kilikuwa kifupi kwake, magoti yakapanda karibu na kidevu. Akamwita Furaha, ambaye bado alitembea akishika ukuta. "Unionyeshe vile mama yenu alikuwa anafanyaka," alimwambia. Furaha alinikalisha chini kati ya magoti ya papa, akamwonyesha namna ya kugawa nywele, namna ya kushika vishungi vitatu, wapi pa kukaza. Ilichukua asubuhi nzima. Watu waliopita kwenye ngazi za mteremko walisimama kutazama mwanamume akimsuka mtoto, na papa aliwasalimu bila kusimamisha mikono. Mistari ilipinda. Alivuta sana, nikaumia, machozi yakanitoka kwa maumivu yale, na nilipoona hakuna anayeniambia ninyamaze niliyaacha yatoke. Alitusuka hivyo kila Jumamosi mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Hakuwahi kuwa fundi, na jambo lile hatukulizungumza.

Mwaka jana niliikuta tamthilia ile kwenye simu, vipindi viwili, picha mbovu kuliko ninavyoikumbuka. Nilivitazama ofisini wakati wa chakula. Mpeleka barua hana mke. Mwanamke mwenye miwani ni mwenye nyumba, na anachomwambia kila jioni mlangoni ni apanguse viatu. Hakuna mtoto hata mmoja. Vichekesho ni vichache na vinajirudia. Nilimpelekea Furaha, ambaye siku hizi anaishi Kinshasa, nikamwandikia kwamba sasa nimeelewa alichokuwa akimfanyia Koko. Alinijibu kwamba hakuwa akimfanyia Koko lolote. Alikuwa darasa la tano, Kifaransa kilimpita kama upepo, na aliona aibu kukiri, basi akajaza alivyoweza. Kuhusu safari ya Uvira alisema hakumbuki. Papa amestaafu na anaishi nami mtaa wa Nguba, katika chumba kinachotazama ziwa. Nilimwonyesha pia. Alikitazama kipindi kizima kwa adabu, kama anavyotazama kila kitu, akaniuliza kama ni filamu mpya. Koko amekwisha kufa. Kwa hiyo Jumapili ile imebaki kwangu peke yangu, na siwezi kuapa kwamba nayakumbuka maneno kama yalivyosemwa.

Mimi nimekuwa mtafsiri. Ninatafsiri katika mikutano ya shirika moja hapa mjini, Kifaransa kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Mashi, watu wanapoeleza yaliyowapata vitani mbele ya wageni wanaoandika. Sharti la kwanza la kazi ni kutoongeza neno, na mimi siongezi. Wananisifu kwa hilo. Mama mmoja wa Luvungi akisema aliondoka na sufuria moja, nasema aliondoka na sufuria moja. Nikitoka pale napanda kwenda nyumbani, ninavua viatu, ninauliza watoto kama wamekula.

Mume wangu anafanya kazi Kalemie, huu mwaka wa pili. Mimi naye tuna lugha nne za kuzungumza. Kila jioni ananitumia ujumbe wa sauti kuuliza watoto wako vipi, ninamjibu ni wazima. Anauliza mimi niko vipi, ninasema bien, vizuri, naye anasema yuko bien. Watoto wanakuwa vyumbani, kila mmoja na kioo cha simu yake, wanacheka kwa zamu bila kujua kwamba ni kwa zamu. Ujumbe wake mrefu kuliko yote mwezi huu ulikuwa wa sekunde kumi na moja: aliuliza kama watoto wamekula, akasema yuko bien. Niliusikiliza mara moja, nimesimama jikoni. Kila neno nililielewa.