Keti Uipe Bahari Mgongo

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na harusi naikumbuka vizuri maana wali uliungua na mjomba wangu akausifu. Siku hiyo nilipewa taulo la njano. Nitafika kwenye taulo. Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, maneno yangu hayajui kupanga foleni, nivumilie.

Umesema unamtafutia mwanao klabu ya kuogelea, hizi za mashindano. Vizuri. Lakini kabla hujachagua, sikia jinsi mimi nilivyochagua.

Kwetu ni kule mto Ruvuma unakoingilia baharini. Utasema basi huyu kazaliwa samaki. Sivyo. Kwetu mtoto akionekana kalowa juu ya magoti anachapwa, maana mto una mamba, na mamba haulizi wewe ni mtoto wa nani. Maji tuliyachota kwa kata yenye mpini mrefu, tumesimama mbali. Kwa hiyo nilipokuja Mtwara kijana na kupata ukuli bandarini, gunia la korosho nililibeba kama mto wa kulalia, lakini kuelea sikujua. Siku niliyoteleza gatini wenzangu walinivuta kwa kamba kama mbuzi. Tangu hapo jina langu likawa Nanga.

"Nanga, leo umekoga au umechovya kidole?"

"Msimsogeze Nanga ukingoni, akitumbukia meli haitaondoka."

Nilicheka nao. Moyoni sikucheka. Nilipopata binti, Somoe, nikasema huyu ndiye atakayenifutia jina.

Alipofika miaka saba nikawa nampeleka Mikindani kwa baiskeli, siku zangu za mapumziko, kwa Bi Mwanahamisi. Huyo alikuwa mama mnene, mpole, aliyefundisha watoto kuogelea kwenye maji ya ghuba yaliyotulia. Alikuwa na desturi zake. Mtoto hafundishwi kwenda mbele mpaka ajue kulala chali juu ya maji kama yuko kitandani. Kabla ya kuingia humwuliza, "Maji yamekuamkiaje leo?" Mtoto akijibu vibaya, anakaa ukingoni anachezea mchanga, na ole wake atakayemcheka. Desturi iliyonishinda ni nyingine: mzazi hatazami. Unakaa mchangani, unaipa bahari mgongo, macho kwenye minazi. Nilidhani ni mambo ya uganga. Nikageuka.

"Baba Somoe," akaniita bila hata kuinua sauti, "minazi iko huko."

"Nataka kuona anavyoendelea, Bi Mkubwa."

"Mtoto akijua anatazamwa, ataogelea kwa macho yako. Macho yako yana mapafu?"

Watoto wakaangua kicheko. Nikarudi kwenye minazi yangu.

Ukikaa hivyo, mwanangu, unajifunza kusikia. Nilikijua kicheko cha Somoe kati ya vicheko ishirini, kile cha mtu ambaye maji yamemwingia puani na bado anataka tena. Mpaka leo hapa Rahaleo, nikiketi barazani peke yangu, nakitegea sikio. Watoto wa jirani wakichezea bomba nanyanyua kichwa. Si chenyewe.

Miaka miwili ikapita. Somoe anaelea, anaogelea taratibu, anafurahi. Mimi sikuwa nimempeleka ili afurahi. Mjini kulikuwa na klabu ya vijana, na kocha mwenye filimbi shingoni na saa ya kubonyeza. Jina lake silitaji, alishafariki, Mungu amrehemu, na hakuwa mtu mbaya, alitoa kile alichopewa alipokuwa mdogo. Watoto wake walishinda kila walikokwenda.

"Hapa hatubembelezi," aliniambia. "Mtoto anayelala juu ya maji ni gogo."

Nikafurahi. Samaki mkunje angali mbichi, nikajisemea. Mithali ni kama panga, mwanangu, yafaa kuangalia kwanza kalishika nani. Siku hiyo nilikuwa nimelishika mimi. Kule Somoe hakuulizwa maji yamemwamkiaje. Akiwa wa mwisho alikimbizwa kuzunguka uwanja huku wenzake wakimzomea. Nikimwuliza jioni, alisema, "Nzuri, baba." Nami nikaridhika na neno hilo, kwa sababu nilitaka kuridhika.

Sasa siku yenyewe. Mashindano yalifanyika karibu na gati, kutoka boya moja mpaka jingine. Makuli wote walikuwepo. Somoe alikuwa na miaka kumi. Akatangulia, akawaacha wenzake, moyo wangu ukawa mkubwa kama kichuguu. Katikati ya njia akasimama. Akageuka chali, akalala juu ya maji, nikaona kifua kinapanda na kushuka. Alikuwa amechoka, na mtoto wa Bi Mwanahamisi akichoka ndivyo anavyofanya. Kocha alikuwa kwenye mtumbwi ubavuni pake. Somoe akanyoosha mkono aushike. Kocha akachomeka upondo, ule mti wa kusukumia, akausogeza mtumbwi kando.

Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe Nanga kazaa nanga."

Nikapaza sauti kuliko watu wote. "Somoe! Geuka! Usinitie aibu!"

Kichwa kikainuka. Macho yake yakanitafuta katikati ya watu mpaka yakanipata. Akageuka, akaogelea, akashinda.

Akapewa taulo la njano, jipya, limekunjwa. Alitoka majini meno yanagongana, lakini hakujifuta nalo. Akaja mpaka niliposimama, akaninyooshea.

"Chukua, baba. Ni lako."

Makuli wakapiga makofi wakidhani ni heshima. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka wiki iliyofuata, na iliyofuata, na mwaka ulipokwisha. Somoe hakuingia tena baharini. Hakugomba wala hakulia, alisema tu hapendi. Alipokua akasomea uuguzi, akaomba kazi Dodoma, na mtu wa pwani akiomba Dodoma ujue ana lake. Akija likizo tukienda ufukweni, alikaa mchangani na viatu miguuni.

Nilirudi kwa Bi Mwanahamisi kulalamika juu ya kocha. Nilidhani atanipa pole.

"Mtoto alikuwa anaelea," akasema. "Aliyekuwa anazama ni wewe. Na mfa maji haishi kutapatapa, hushika hata shingo ya mwanawe."

Akanimiminia chai, nadhani aliona nimeshiba maneno. Nilipoinuka akasema, "Siku akitaka mwenyewe, mlete. Maji hayana haraka." Hakutaka. Bi Mwanahamisi ameondoka duniani akiwa bado anamngojea, na kila nikipita Mikindani natazama ile ghuba kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kupanga.

Mwaka jana Somoe akahamishiwa hapa hapa Mtwara. Akaja na binti yake Zuhura, miaka kumi kamili, ambaye haoni ndoo bila kuingiza kichwa. Mtoto akataka klabu. Somoe akasema, "Baba, si wewe unazijua klabu? Katazame basi." Sikujua ni mzaha au ni msamaha. Majuto ni mjukuu, wamesema, na wangu alikuwa amesimama mlangoni ameshika miwani ya kuogelea.

Nikapanda bodaboda na bakora yangu, nikazizungukia mbili. Ya kwanza ina medali ukutani kama duka la sonara. Maji yake masafi, mwokoaji yupo, siwezi kusema uongo. Lakini wazazi wamejipanga ukingoni na simu zao, baba mmoja akawa anakimbia sambamba na mwanawe akipiga kelele, na kocha anampigia filimbi mtoto anayekohoa. Nikaona mgongo wa yule baba, nikaujua. Ulikuwa wangu.

Ya pili inafundishwa na mwalimu wa kike, mtu wa Mwanza, wanamwita Ticha Neema. Bwawa lake lina ukijani kidogo na nilimwambia, akakiri, na wiki iliyofuata nilipopita lilikuwa limesafishwa. Hata hapo wanashindana, saa wanayo. Lakini Ticha yuko ndani ya maji na watoto, kalowa mpaka kilemba. Mtoto mmoja akagoma. Ticha akamwacha akae ukingoni, miguu majini, na baada ya muda akaingia mwenyewe. Nikamweleza habari ya Bi Mwanahamisi na minazi.

"Babu," akacheka, "wazazi wangu hawawezi. Watarekodi nini?"

"Mimi nitaweza," nikamwambia.

Jumamosi moja asubuhi Ticha akawapeleka watoto baharini, Shangani, Zuhura akiwemo. Nikaenda na lile taulo. Sikuwahi kulitumia, limekaa sandukuni miaka yote hiyo na vipande vya sabuni ya kunukia. Nikaketi mchangani, nikaipa bahari mgongo. Somoe akaketi pembeni yangu na viatu vyake, yeye akitazama maji. Zuhura akaanza kucheka huko nyuma, kicheko cha maji puani, na mwanangu, ilinibidi nishike bakora kwa mikono miwili.

"Analala chali," Somoe akasema polepole.

"Usinielezee," nikamwambia. "Natazama minazi."

Halafu nikaona viatu vimewekwa karibu na goti langu, kimoja juu ya kingine. Mkono ukachukua taulo. Nikasikia nyayo zikienda mchangani, kisha nisizisikie tena. Shingo yangu yote ilitaka kugeuka. Sikugeuka. Taulo liliporudi lilikuwa limelowa. Sikuuliza limemfuta nani.

Basi chukua haya, mwanangu. Usichague klabu kwa medali za ukutani, hizo ni za watoto wa watu. Nenda siku ambayo hawakutarajii. Tazama usafi wa maji na mwokoaji, bila hivyo rudi nyumbani. Kisha mtazame mtoto wa mwisho, si wa kwanza: anafanyiwa nini akifika, na mkono wake ukinyooka unapewa nini. Mwulize kocha kama mtoto akichoka anaruhusiwa kuelea. Mwanao akikuambia "nzuri", ngoja neno la pili. Na kabla ya yote jiulize nani anazama hapo nyumbani, kwa sababu mtoto hapelekwi majini akamwokoe baba yake.

Ukishachagua, keti, geuza mgongo, usikilize. Mungu ampe mwanao maji mepesi na kifua kipana, ampe ushindi akiutaka mwenyewe na pumziko akichoka. Na wewe akupe shingo ngumu, isigeuke.