Maskini wa Titye Asimame

Vestina wa Titye alikuwa mjane mwenye shamba la mihogo lililochoka, na majivuno ya mke wa mtemi. Hata siku ambayo sufuria haikugusa moto, ungemkuta mlangoni anachokonoa meno kwa kijiti, eti nyama imemkwama. Nyama ipi, jamani? Maskini jeuri huyo, mwacheni.

Sasa mwaka tisini na sita, kikanisa chao cha nyasi kikaahidiwa mabati na mfuko mmoja wa hisani. Sharti lilikuwa moja tu: washarika wamtoe mtu mzima aliye fukara kuliko wote, naye apewe mbuzi wawili. Asipopatikana, mabati yanakwenda kijiji jirani cha Muyama.

Jumapili hiyo mgeni wa mfuko, Bwana Kipriani, akasimama mbele. "Haya, wapendwa. Aliye maskini na asimame."

Waliokuja peku wakaficha miguu chini ya mabenchi. Vestina aliwataka wale mbuzi, aliwataka mno; samadi yao tu ingelifufua shamba. Lakini asimame, jirani yake Immakulata akimtazama? Bora afe!

Kipriani akaanza kufunga begi lake. Hapo Vestina akaruka. "Subiri, baba! Maskini yupo. Ni huyu Immakulata!"

"Mimi?" Immakulata naye juu. "Yebaba! Kitenge hicho si mnavaa kwa zamu na binti yako? Leo yuko wapi, kama hajajifungia ndani?"

"Na wewe juzi hukuja kwangu kuomba chumvi?"

"Ukaninyima, mchoyo we!"

"Ningekupa ipi? Sijaonja chumvi tangu Pasaka!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mchungaji Stanislaus akawa anajifuta machozi. Vestina akajishika mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kipriani akamsogelea taratibu. "Kwa hiyo, mama, nikuandike wewe kuwa ndiye maskini?"

Vestina akatazama paa linalovuja. Akamtazama Immakulata, ambaye sasa hakuwa anacheka tena.

"Maskini siandikwi, baba," akasema. "Andika kwamba sina kitu."