Mbwa Aliyepanda Paa la Bibi

Utoto wangu niliupitisha nyuma ya jiwe la kusagia mtama, na karibu kila siku kaka yangu Masanja alikuwepo kunikera. Ilikuwa kijijini kwetu, upande wa Shinyanga, enzi za mkoloni. Masanja alifundisha mbwa. Watu walimletea watoto wa mbwa, naye akawarudisha wakiwa wakubwa, wanaojua kulinda ng'ombe dhidi ya fisi.

Lakini ukimwona kazini, ungesema amerukwa na akili. Alitambaa, alibweka, alijificha nyuma ya ghala na kuchungulia. Halafu kulikuwa na fundo la kitambaa: analirusha, mbwa anamrudishia aliyelirusha. Asubuhi hadi jioni. Vumbi lote lilinijia mimi.

"Masanja, utachoka lini?"

"Akichoka mbwa."

Mbwa wake mwenyewe aliitwa Watasema, jina la kuwakomoa majirani waliomcheka. Alimfundisha jambo moja kuliko yote: ukitumwa, usirudi mdomo mtupu.

Siku moja mchana, vumbi liliingia kwenye unga wangu mara ya tatu. Nikalinyakua lile fundo, nikalirusha juu ya paa la nyasi la nyumba ya Bibi ili mchezo uishe. Masanja alikuwa ameinama akinywa maji. Watasema akapanda rundo la kuni, akaruka, akasimama juu ya paa.

Bibi alitoka akapiga yowe. Kwetu mbwa akipanda paa ni uchuro, kuna mtu atakufa, na mbwa huyo sharti auawe kabla jua halijatua. Baba akachukua rungu.

Nilijua kosa ni langu. Nikanyamaza.

Masanja alinitazama, akakaa kidogo, kisha akasema, "Nimerusha mimi, Bibi. Amefuata alichotumwa."

"Hakutumwa na wewe! Ametumwa na waliokufa."

"Basi tumwone atampelekea nani."

Akapiga magoti, akapigapiga ardhi kwa kiganja. Watasema akashuka na fundo mdomoni. Akampita Bibi, akampita Baba aliyeshika rungu, akampita hata Masanja. Akaliweka miguuni pangu, akatikisa mkia.

"Kabula!" Bibi alisema. "Kumbe waliokufa ni wewe!"

Baba alicheka mpaka rungu likamponyoka. Mbwa alipona; viboko nilikula mimi. Bado Bibi alinung'unika kwamba aliyemfundisha mnyama yule hataishi sana.

Jioni nilimuuliza Masanja, "Ulijua ataniletea mimi?"

"Nilijua. Nilikuwa nakungoja useme mwenyewe." Hakukasirika. "Wengine huchelewa kujifunza."

Mwezi uliopita tulimzika, mzee mwenye vitukuu. Nilikuwa nasali rozari kando ya kaburi, binamu yangu akaninong'oneza, "Ni yule mbwa. Bibi alisema." Mungu anisamehe, nusura nimchape kwa rozari. Mtu amekula chumvi kiasi kile, bado mnamsingizia mbwa!

Ndipo nikakumbuka kwamba siku ile ni mbwa aliyesema. Kinywa changu hakikukiri kosa, wala baadaye, na kaka hakuniuliza kamwe. Aliningoja kwa subira ileile aliyowangojea wanyama wake, nami nilimwona mchezaji tu.

Nikasimama mbele ya waombolezaji, nikasema, "Kitambaa nilikirusha mimi." Wengi hawakuelewa. Nimechelewa sana, kaka, lakini sikurudi mdomo mtupu.