Mpigaji wa Saa Kumi

Kila akimaliza kuligusa lile sanduku lake la mtandao, hata kama amebadilisha mstari mmoja tu, Bwana Mlango hutoka nje ya hospitali. Huvuka barabara, husimama kando ya kibanda cha fundi viatu, huzima waifai kwenye simu yake, huikagua mara mbili kama imezimika kweli, kisha hupiga simu ya wodi. Akipokewa hatosheki na "halo". Humtaka aliyepokea arudie neno kwa neno alichosema yeye. Manesi wapya humwona ana kasoro kichwani. Fundi viatu amezoea, siku hizi hata hainui kichwa.

Nawe usimcheke kwanza.

Jina la Bwana Mlango alipewa na manesi, kwa jinsi alivyokuwa akiieleza kazi yake. Hospitali hii, alikuwa akisema, ni nyumba ya vyumba mia mbili na lango moja. Kila kompyuta na kila simu ya ndani ina anwani yake, lakini anwani hizo zinajulikana humu humu. Nje, hospitali nzima ina anwani moja tu. Pale langoni kuna faiwoli, sanduku jembamba lenye taa za kijani, na ndilo bawabu. Kitu kikitoka, bawabu hufuta anwani ya ndani na kuandika ya nje. Jibu likirudi, hukumbuka nani aliuliza, akampelekea. Asichokikumbuka hukitupa, wala hamwambii mtu kwamba amekitupa. "Bawabu wangu hana huruma na hana kinyongo," alipenda kusema, kisha akacheka yeye wa kwanza, maana alikuwa mtu wa kuchekea mizaha yake kabla ya wenzake.

Alikuwa na haki ya kutamba kidogo. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye chumba kile chini ya ngazi, kiyoyozi kikimpiga mgongoni, amevaa sweta aliyofumiwa na mkewe hata siku za jua kali. Juu ya meza kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Kila alichokibadilisha alikiandika humo, tarehe na saa, na mwisho maneno matatu: imejaribiwa, inafanya kazi. Halafu sahihi yenye mkia mrefu kama ya waziri.

Mwaka ule hospitali iliachana na simu za waya ikaingia kwenye simu za mtandao. Sanduku la zamani likang'olewa, jipya likaletwa, naye akazihamisha kanuni zote za bawabu kwa mkono, mstari baada ya mstari. Sasa, faiwoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ile ya kwanza inayofaa ndiyo inayofuatwa. Zilizo chini yake hazisomwi tena. Na lango lenyewe lina milango midogo mingi, kila mmoja na namba yake. Kanuni maalumu ya simu, iliyosema milango ya sauti isibadilishwe namba, ilitakiwa kukaa juu. Ile ya jumla, inayompa kila anayetoka mlango wowote ulio wazi, ilitakiwa kukaa chini. Akazipindua. Ni hilo tu, hakuna zaidi.

Mlio wa simu hupita mlango mmoja na sauti hupita mwingine. Mtambo wa simu wa ndani ulikuwa ukimwambia mpigaji, niletee sauti yako mlango fulani. Kumbe bawabu keshaubadilisha mlango ule njiani. Basi simu ililia vizuri. Aliyepiga alimsikia nesi vizuri. Ila sauti yake mwenyewe ilifika langoni, ikabisha mlango ambao nyuma yake hakuna mtu, ikatupwa.

Je, hakujaribu? Alijaribu. Alichukua simu yake ya mkononi, akafungua programu ya kupigia, akaita wodi ya tatu, akaongea, akasikika. Kilichompita ni kwamba simu ile ilikuwa imeshika waifai ya hospitali. Alidhani anapiga kutoka nje, kumbe alikuwa anaita kutoka chumbani kwenda sebuleni, na langoni hakupita kabisa. Mafundi wa kazi hii wengi wamewahi kufanya kosa hilo, na wengi halikuwagharimu kitu. Akaandika maneno yake matatu, akapiga sahihi, akaenda kunywa chai.

Siku kumi na moja hakuna aliyelalamika. Watu wengi huwapigia wagonjwa wao moja kwa moja kwenye simu zao za mkononi. Namba ya wodi ilitumiwa na wale wasio na namba nyingine yoyote ya kushika. Hao wachache walipiga mara moja, mara mbili, wakachoka. Mmoja hakuchoka.

Wodi ya tatu ni ya akina mama waliojifungua. Kila siku saa kumi jioni simu yake ililia, na aliyekuwa akiipokea ni nesi wa zamu ya mchana, Sista Kicheko, mwanamke ambaye kicheko chake kilitangulia kufika popote alipokuwa akienda.

"Halo, wodi ya tatu. Halo? Nani? Hatukusikii. Ongea basi!"

Kimya. Hata pumzi haikusikika. Siku ya tano alimkuta Bwana Mlango kwenye korido, amebeba ngazi.

"Bwana Mlango, una habari? Tuna mzimu kwenye simu. Saa kumi kamili, kama amevaa saa mkononi."

"Mzimu wa kike au wa kiume?"

"Nitajuaje, na haongei? Mwenzio nampokea huku nywele zimesimama."

"Mizimu si idara yangu, Sista. Mwambie apite mapokezi akaandikishe kadi kama wagonjwa wengine."

Walicheka mpaka ngazi nusura imponyoke. Kicheko kile kilikuja kumkaa kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka leo hakijatoka. Kwa sababu alikuwa ameletewa taarifa ya hitilafu, kamili, yenye saa na mahali pake, naye akaitania.

Siku ya kumi na mbili, daktari wa wodi alipiga kutoka nyumbani kwake. Akamsikia Sista vizuri, yeye hakusikika. Daktari si mzimu, kwa hiyo malalamiko yakaandikwa, yakapigwa muhuri, yakateremshwa chini ya ngazi.

Bwana Mlango akafungua orodha ya kanuni zake. Mbele ya kila moja kuna hesabu ya mara ngapi imetumika. Ile ya jumla ilikuwa na mamilioni. Ya simu ilikuwa na sifuri. Siku kumi na mbili, sifuri. Alihisi baridi ambayo haikutoka kwenye kiyoyozi.

Angeweza kusahihisha pale pale. Lakini ni desturi ya kazi kuliona kosa kwa macho kabla ya kulifuta, hivyo akaliagiza sanduku linakili kila kinachofika langoni, akangoja. Saa kumi ikagonga. Wodini simu ikalia, na kwenye kioo cha kompyuta yake ikaanza kumiminika mistari, mamia ya vipande vidogo vya sauti, vyote vikibisha mlango ule ule uliofungwa, vyote vikitupwa. Vipande hivyo ukiviunga vinasikika. Akaviunga, akavaa spika za masikioni.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Halo, sista. Mimi ni mama yake yule wa kitanda cha sita. Nakusikia, mwanangu, wewe hunisikii?" Akanyamaza kidogo, kama anayemsikiliza mtu. "Hapana, sista, usiseme hivyo. Mimi si mzimu. Mwambieni tu kwamba mama yake amepiga. Mwambieni kwamba baba yake hana neno tena, arudi nyumbani. Halo? Haya. Nitapiga kesho."

Bwana Mlango alipanda ngazi mbili mbili, yeye ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua. Kitanda cha sita kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

"Huyo katoka jana asubuhi," Sista Kicheko akamwambia. "Yule binti aliyempoteza mtoto. Kwani vipi?"

"Ameenda wapi?"

"Nani anajua? Alikuwa haongei na mtu. Ila kila jioni alikuwa ananiuliza, sista, hakuna aliyenipigia? Nami namwambia hakuna. Si ndivyo ilivyokuwa? Hakuna aliyepiga."

Akamweleza. Sista hakucheka. Aliketi juu ya zile shuka safi, jambo ambalo nesi hafanyi, akatazama kutoka kitandani mpaka ilipo simu ukutani.

"Hatua sita," akasema. "Alikuwa ananitazama ninavyoipokea. Kila siku ananitazama."

Kusahihisha kulichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Aliukamata mstari mmoja, akaupandisha juu ya mwenzake, akahifadhi. Hesabu ya kanuni ya simu ikasogea: moja, mbili, saba.

Namba aliyoitumia mama kupiga ilikuwa ya muuza duka mmoja, mbali sana na mji ule. "Yule bibi huja saa kumi kuazima simu, kisha anaondoka polepole na mguu wake mbovu," alisema. "Kwake sipajui, anatoka ng'ambo ya bonde." Anwani aliyoandikisha binti pale mapokezi ilikuwa ya chumba cha kupanga. Bwana Mlango alikwenda kwa miguu yake. Mwenye nyumba alimwambia kwamba binti alihama kabla ya kujifungua, hakuacha maelekezo.

Kesho yake saa kumi simu ilipolia, aliipokea mwenyewe. Sista Kicheko alisimama nyuma yake akiwa ameshika mdomo.

"Halo, sista. Mimi ni mama yake..."

"Nakusikia, mama. Shikamoo."

Safari hii kimya kilitoka upande wa pili.

"Unanisikia?"

"Nakusikia vizuri, mama."

"Marahaba, mwanangu! Marahaba!" Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Nyie watu, nyie! Siku zote hizi naongea peke yangu kama mwehu, mwenye duka ananitazama. Haya, haya, nipe mwanangu niongee naye."

Bwana Mlango alikuwa amejiandaa kwa maneno, amekesha akiyapanga.

"Ametoka juzi, mama."

"Ametoka kwenda wapi? Huku hajafika."

"Hatujui, mama."

"Lakini mlimwambia kwamba nilipiga?"

"Hatukumwambia. Hatukuwa tunakusikia. Sauti yako ilikuwa inafika mlangoni, na mimi ndiye niliyeufunga. Si sista, ni mimi. Nisamehe."

Alingoja matusi. Laiti angetukanwa, angepata nafuu. Mama yule alivuta kamasi tu, akasema, "Basi nitapiga kesho. Huenda atarudi kuchukua kitu chake."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Kila ikikaribia saa kumi Bwana Mlango aliacha alichokuwa akikifanya, akapanda juu. Mazungumzo yalikuwa mafupi. "Amerudi?" "Hajarudi, mama." "Umekula?" "Nimekula, mama." "Haya, baba, nitapiga kesho." Mkewe nyumbani alianza kumwuliza ni mwanamke gani huyo ambaye saa kumi ikifika mumewe hapokei simu yake. Siku iliyofuata baada ya kuelezwa, alimwuliza kama mama amepiga.

Siku ya thelathini na moja tangu aanze kuipokea, simu haikulia.

Alingoja mpaka saa kumi na nusu. Sista Kicheko akasema labda duka limefungwa. Siku ya pili haikulia. Siku ya tatu Bwana Mlango akampigia muuza duka, akajibiwa kwamba bibi hajaonekana, na kwamba ng'ambo ya bonde ni mbali, hakuna wa kumtuma. Labda binti alifika nyumbani, akasema muuza duka. Labda bibi mguu umezidi. Labda. Yeye ni muuza duka, hajui.

Bwana Mlango akashuka chini ya ngazi, akafungua sanduku lake. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliomba kwa moyo wote akute kosa, na kosa liwe lake. Kanuni ya simu ilikuwa juu, mahali pake. Hesabu ilikuwa inasogea. Akapekua orodha ya vilivyotupwa langoni siku tatu zile, mstari mmoja mmoja, mpaka macho yakamuuma. Hakuna sauti iliyokuwa imetupwa.

Bado hakuridhika. Akatoka nje, akavuka barabara, akasimama kando ya kibanda cha fundi viatu. Akazima waifai, akaikagua. Ilikuwa saa kumi na dakika chache. Akapiga.

"Halo, wodi ya tatu," akasema Sista Kicheko.

Alikuwa amekusudia kuhesabu moja mpaka kumi, kama wanavyofanya mafundi. Akafungua mdomo. Sauti haikutoka. Kwenye simu ilibaki pumzi yake tu na nyundo ya fundi viatu ikigonga soli.

"Halo? Nani? Hatuku..." Sista akajikatiza. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayemwita mwenzake gizani. "Mama? Ni wewe, mama? Ongea, mama. Sasa tunasikia. Ongea tu."

Bwana Mlango alikata simu. Fundi viatu aliinua kichwa, akamwona machozi, akamwuliza kama kuna habari mbaya.

"Hapana," akasema. "Laini ni nzima."