Mtoto wa Kwenye Kisanduku

Kuwaomba watu sadaka mbele ya gati la mji wa Amu, pahali unapojuana na kila apitaye, kunataka uso mkavu, na Huwaida hakuwa nao. Shirika dogo la kuwachangia watoto wenye maradhi ya moyo lilipomwajiri, wiki ya kwanza alilia kila akirudi kwao, mtaa wa Wiyoni. Shangazi yake mwenyewe alimpita kama hamjui. Mwenye duka mmoja alimwambia, "Bi Huwaida, hata wewe umefikia huku?"

Kilichomweka kazini ni picha iliyobandikwa kwenye kisanduku chake cha sadaka: Shifa, mtoto wa kisiwa cha Pate, amejikinga jua kwa kiganja, anacheka. Moyo wake una tundu, angojea kupasuliwa. Siku watu walipomkwepa, Huwaida alikiinamia kisanduku akanong'ona, "Leo wamekuwa wazito, mama. Lakini hatuendi nyumbani." Kisha akamsimamisha mwingine. Wenzake waliiacha kazi. Yeye alikwenda hivyo mwaka mzima.

Asubuhi moja boti ya Faza, kisiwani Pate, ilifunga gatini, abiria wakashuka. Mwanamke mwenye kapu la samaki wakavu alimpita, akasita, akarudi. Akakishika kisanduku kwa mikono miwili.

"Picha hii umeipata wapi?"

"Nimepewa na shirika, Bi. Huyu ni mtoto mgonjwa, twamchangia..."

"Namjua. Mimi Mwanamkisi ndiye niliyemzaa."

Huwaida alikaribia kumkumbatia. "Alhamdulillahi! Shifa yu hali gani?"

Mwanamkisi alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Tulimzika. Ramadhani mbili zimepita."

Huwaida alijiegemeza ukutani. Ramadhani mbili! Basi mtoto aliyezungumza naye siku zote hizo alikuwa kaburini hata kabla yeye hajakipokea kile kisanduku.

"Na mwawaomba watu kwa sura yake," Mwanamkisi alisema polepole, "na mimi hakuna aliyeniuliza."

Walikwenda pamoja ofisini. Athman, msimamizi, alipomwona yule mama alisimama, akakaa tena.

"Tulijua kuwa amefariki," alisema. "Lakini picha hiyo ndiyo inayowagusa watu. Tukiweka nyingine hawatoi. Na wako watoto wanaotibiwa kwa sadaka hizo, wallahi wako."

Huwaida alitarajia uongo, au samahani. Hakutarajia kuambiwa hivyo, kama mtu aelezaye bei ya sukari.

"Mwanangu si chambo," alisema Mwanamkisi.

Huwaida alianza kuibandua picha kwa ukucha. Athman alisema, "Fikiri kwanza, Huwaida." Hakufikiri. Ilichanika pembe moja, akampa hivyo hivyo mama yake Shifa.

Alasiri alisimama tena gatini na kisanduku kisicho na picha. "Kuna mtoto alikufa akingojea," aliwaambia wapitao. "Wako wengine wangali wangojea." Wengi walipita. Mmoja alimwuliza kama anaumwa.

Boti ilipoita abiria wa kurudi Faza, Mwanamkisi alimwuliza, "Kesho utakuwapo hapa?"

"Sijui, Bi. Wallahi sijui."

Usiku huo hakula. Kulipokucha alijikuta gatini, kisanduku mkononi, kabla jua halijapanda, na hakujua ni nini kilichomwamsha. Mzee mmoja alikuwa akija. Huwaida alimsimamisha kwa salamu, hata kabla hajapata la kumwambia.