Siku Niliyokana Unabii Kanduyi Wakakataa Kusikia

Sasa nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze mimi na maikrofoni yangu.

Mimi ni mtu wa Kitale, na wikendi huzunguka shuleni nikiwahimiza vijana waulize "umejuaje?" kabla ya kuamini jambo (malipo yenyewe ni chai na mandazi, na silalamiki). Siku hiyo nilikuwa shule moja Kanduyi, ukumbi umejaa, vijana wanasinzia, nikaona niwaamshe kwa kuwaonyesha jinsi watabiri wa uongo wanavyotushika masikio. Nikafumba macho, nikaweka mkono kwenye paji la uso, nikanguruma: "Humu ndani kuna mtu ambaye kwao kumepotea kitu!" Jamani, ni boma gani hakujapotea kitu? Nilitaka kueleza hivyo hivyo, ila dipyuti wa shule, naibu wa mwalimu mkuu, akaruka kutoka kiti cha mbele.

"Ng'ombe yangu! Si umeona! Nani alichukua?"

Nikamwambia, mwalimu, huo ni ujanja tu, mimi sioni kitu. "Nabii wa ukweli hujishusha," akajibu, na ukumbi mzima ukasema amina (na mimi ndiye niliyekuja kufundisha kufikiri!). Kadiri nilivyokana ndivyo walivyoniamini. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Si ni Mzee Wekesa wa geti, ona vile anatetemeka bana," vichwa vyote vikamgeukia askari wa shule pale mlangoni, na kweli alikuwa anatetemeka, nani asingetetemeka? Hapo niliogopa sana, kwa sababu mtu akishaitwa mwizi wa ng'ombe hangojewi afike kortini.

Msichana mmoja akasimama, ngumi mbili mbele. "Sir, kama unaona ng'ombe, ebu sema kifuniko cha biro kiko mkono gani?"

Nikasema kushoto. Hakuna. Akaficha tena, nikasema kulia. Hakuna. Akarudia, nikakosa tena, na naapa sikuwa nakosa makusudi! Ukumbi ukalipuka, "Ati nabii!", wengine wakagonga madawati, na dipyuti akaenda mwenyewe mlangoni kumwomba mzee msamaha.

Sijawahi kuchekwa vile, wala kufurahi vile. Nilipokuwa naondoka Mzee Wekesa alinishika mkono, hakuuachilia upesi. "Asante kwa kukosa," akaniambia. Tangu hapo sitabiri chochote, hata mvua. Mtu akiniuliza kama itanyesha, natoka nje kwanza nikaangalie.